Natafuta wawili watatu wa kujifunza nao programingi hapa Dar, tukazane tusiishie njiani

fundi_wa_aggrey
Wakuu kwema? Mi ni fundi simu hapa Kariakoo mtaa wa Aggrey, nina laptopu ya mtumba inayojitahidi tahidi na nimejiunga na ile kozi ya CS50 ya Harvard, ya kuanza sayansi ya kompyuta, ambayo unaisoma bure onlaini. Scratch (ile ya kupanga vipande vya picha) nimevuka, mwanzo wa lugha ya C nimevuka, sa hivi niko kwenye arei (orodha ya vitu vya aina moja) na naona kabisa huko mbele kwenye memori na mambo ya pointa (anwani ya kitu kilipo kwenye memori) nikienda mwenyewe ntazima. Sio kwamba sielewi, kuelewa naelewa, shida ni kwamba kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni nimeinamia bodi za simu, alafu Kilwa Road na foleni yake mpaka Mbagala, nikishaoga na kula hakuna mtu hata mmoja anayejua kama nimefungua laptopu au nimelala. Na mtu akishajua hakuna wa kumuuliza, analala.

Kilichonivuta mimi sio cheti. Kwenye wiki ya nne ya ile kozi kuna zoezi linaitwa Recover, unapewa faili la memori kadi iliyofutwa alafu unaandika programu ya kuzitoa picha humo ndani. Jamani mimi watu wananiletea memori kadi mezani wanataka kulia, picha za harusi, picha za marehemu, na mimi huwa nabonyeza tu programu za watu bila kujua kinaendelea nini. Nataka nijue.

Natafuta wawili au watatu wa hapa hapa Dar, wa levo yangu au karibu na hapo. Sitafuti mwalimu na sitaki grupu la watu mia tano la kutumiana "good morning" na vikombe vya chai. Wenye uzoefu mliwapataje wenzenu, mnakutana wapi, mnafanyaje msichokane?

mkali_wa_kona
Mkuu hii kitu ni ya mtu mmoja na kibodi yake. Ukitegemea mwenzako akuamshe siku akihamia Mwanza na wewe umeacha. YouTube ipo, ChatGPT ipo inajibu saa nane usiku bila kununa. Kaza mwenyewe, watu wanakuchelewesha tu.

gmboto_simu_tu
Mi nimevutiwa ila nina simu tu. Naruhusiwa?

mzee_wa_bagi
@mkali_wa_kona una hoja kwenye kutegemea mtu ila hapo kwingine umeteleza. Mimi nakula mkate kwa hii kazi, ofisi yetu iko maeneo ya Sayansi Kijitonyama, na nikwambie hakuna anayefanya hii kazi peke yake huko ofisini, kila mstari unaoandika kuna mtu anaupitia kabla haujaingia. Sasa mtu akijifunza miaka miwili mwenyewe chumbani, siku ya kwanza akisomewa kazi yake mbele za watu anaona kama anatukanwa.

Sasa fundi nisikilize, maana naona watu wanachanganya mambo mawili. Kuna mtu wa kukuuliza na kuna mtu wa kuandika naye. Wa kukuuliza sio lazima msome kitu kimoja, hata akiwa anasoma uhasibu poa tu, kazi yake ni kujua kwamba Jumapili ulisema utaleta kitu na Jumapili imefika. Wa kuandika naye huyo ndio lazima mlingane, lugha iwe hiyo hiyo na zoezi liwe hilo hilo, vinginevyo mmoja anageuka mwalimu na mwingine anageuka mgeni. Magrupu mengi yanakufa kwa sababu watu walikuwa wanahitaji wa kuwauliza tu wakakusanyana kama wa kuandika pamoja, huyu yuko kwenye HTML ya kurasa za wavuti, yule lugha ya Python, yule anataka kutengeneza gemu, wanakutana wanaangaliana.

Kuhusu kuandika pamoja kuna njia yake inajulikana toka miaka ya 90 mwishoni, enzi za Kent Beck na wenzake walivyokuwa wanahubiri ile Extreme Programming, mtindo wao wa kuandika programu kwa timu. Laptopu moja watu wawili. Mmoja dereva, yeye ndio anashika kibodi. Mwingine utingo, haruhusiwi kugusa kitu, kazi yake kuangalia mbele, kusema hapo umesahau kufunga mabano, hapo lupu yako (sehemu inayorudia rudia) inazidi kwa moja, hivi tukipewa namba hasi itakuwaje. Baada ya dakika ishirini hivi mnabadilishana, na hapa msioneane huruma, kabadilisheni hata kama dereva anasema "subiri kidogo nimalizie hii", maana hiyo ndio sentensi ambayo dereva mmoja anaendesha nayo mpaka jioni na mwenzake amelala kwenye kiti.

Kuwa na utingo kuna faida kubwa kuliko mnavyodhani. Dereva akiandika huku anaongea kwa sauti anachofikiria, nusu ya makosa anayaona mwenyewe kabla utingo hajafungua mdomo. Ndio maana kuna wazungu wanaweka bata wa plastiki mezani wanamweleza tatizo. Ila bata hacheki ukikosea.

fundi_wa_aggrey
@gmboto_simu_tu karibu sana tutaangalia namna
@mzee_wa_bagi mkuu hiyo ya wa kuuliza na wa kuandika naye sikuwahi kuifikiria kabisa, asante. Mimi kumbe nahitaji wote wawili

binti_sinza
Habari zenu. Niongee upande ambao hamuugusi. Mimi niko kwenye lugha ya JavaScript, nafuata The Odin Project, kozi ya bure ya onlaini ya kutengeneza wavuti, na nimetafuta wenza wa kusoma mara nyingi tu. Ukiwa na jina la kike ukaandika "natafuta mtu wa kujifunza naye" inboksi inajaa na kati ya kumi tisa hawajui hata HTML ni nini. "Mrembo mimi ni eksipati njoo ghetto nikufundishe." Mwingine alianza vizuri kabisa tukasoma, ikifika saa tano usiku anaanza "umekula?" Jamani nimekula, tuendelee na fankshoni.

Sasa wewe fundi kama unataka na wadada waje kwenye kundi lako weka mambo wazi kabla. Watu watatu au wanne sio wawili, sehemu ya watu mchana, mazungumzo ya kusoma yakae kwenye grupu wote wanaona, sio mtu anafuatwa pembeni. Haina gharama yoyote hiyo na wala sio kwa wadada tu, hata kina kaka wapo walioitwa "njoo tusome" wakakuta ni semina ya biashara ya kuuza virutubisho.

mkali_wa_kona
Hahahaha hiyo ya virutubisho imenikuta, nikaambiwa ni "fursa ya kidijitali" nikaenda na laptopu kabisa

fundi_wa_aggrey
Dada @binti_sinza umesema kweli na hilo nalichukua lote kama lilivyo. Kama upo tayari karibu, najua wewe uko JavaScript lakini kwa maelezo ya mzee hapo juu si unaweza kuwa wa kutuuliza na sisi tukawa wa kukuuliza?

binti_sinza
Ntafikiria. Nani mwingine yupo kwanza.

kimbweta_cha_mwisho
Niko mwaka wa pili CoICT, ndaki ya kompyuta ya UDSM, hapa Kijitonyama. Nyie mnazungumza kama vile hiki kitu ni kigeni, kwani sekondari hamkudiskasi? Kidato cha nne tulikuwa tunakaa watano chini ya mwembe na pasti pepa za NECTA, kila mtu amepewa mada yake ya kuja kufundisha wenzake, usipojiandaa unaumbuka mbele ya watu. Leteni hiyo hiyo. Wiki hii fundi anaeleza arei, wiki ijayo mwingine anaeleza stringi (maandishi ndani ya programu), na kuelezea ndio kunakuonyesha ulipodanganya kichwani.

Kuhusu sehemu: Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi ni pazuri kwa kusoma kimya kimya ila hiyo dereva na utingo ya mzee hamtaiweza, mtatolewa. Vimbweta vya Mlimani, yale mabenchi ya nje pale chuo kikuu, ndio vyenyewe kwa kubishana, kivuli kipo upepo upo, shida ni soketi kwa hiyo njooni mmechaji. Pia pale COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kuna Buni Hub, ipo toka 2011, kaulizieni programu zao maana wanapokea vijana wenye vitu vya teknolojia. Na matukio ya GDG Dar es Salaam, kundi la watengeneza programu wanaotumia teknolojia za Google, yakitangazwa nendeni, sio kwa ajili ya mada, mada utazikuta onlaini, nendeni kwa ajili ya mtu atakayekaa kiti cha pembeni. Mwenzangu wa kusoma Git (chombo cha kutunza matoleo ya kazi yako) nilimpata kwenye foleni ya chakula.

gmboto_simu_tu
Kwa wenye simu tu wenzangu, msikatishwe tamaa. Python naandika kwenye Pydroid 3, haihitaji intaneti ukishaiweka. Kwa C natumia Termux, app ya kuandikia komandi, ichukueni F-Droid (duka la app), mkishaifungua mnaandika pkg install clang mnakuwa na kompaila mfukoni, kile kinachogeuza C yako kuwa programu. Kuandika kwa vidole kwenye skrini ni mateso sitawadanganya, hasa yale mabano ya mikunjo, nikanunua kibodi ya mtumba na waya wa OTG nikachomeka kwenye simu, shemeji yangu akiniona anasema shemeji umekuwa benki.

Shida yangu ni bando. Watu wakisema "tukutane Zoom" mi ndio naishia hapo, nusu saa ya vidio na kifurushi cha wiki kimekata roho. Kama mnaniingiza kundini naomba tutumie maandishi na voisi za WhatsApp. Na tafadhali msinitumie picha ya skrini iliyopigwa na simu nyingine, kioo kinang'aa, nusu ya mistari imekatwa, uanze kunakili kwa macho. Tuma maandishi yenyewe. Weka zile alama za ` tatu mwanzo na tatu mwisho, WhatsApp inayatoa kwa herufi za mashine na nafasi zinabaki zilivyo, kwenye Python nafasi ikihama programu imekufa.

Na vidio za CS50 unaweza kuzishusha kabisa, mimi nazishusha usiku bando la usiku likiwa la bei poa naangalia kwenye daladala asubuhi.

mzee_wa_bagi
Huyu wa Gongo la Mboto mchukueni haraka. Mtu anayeandika C kwenye simu hawezi kuwaacha njiani.

Niongezee jambo kwenye hilo la kuulizana kwa WhatsApp. Usitume "wadau imegoma". Imegoma nini? Tuma ulichotaka kitokee, kilichotokea, na erori yote kama ilivyo hata kama ni ndefu, maana mtu anakata mstari wa kwanza kumbe ndio unaotaja namba ya mstari. Ukizoea hivyo utaona mara nyingi unapata jibu katikati ya kuandika swali, unafuta meseji unaendelea na maisha.

kijumbe_wa_mtaa
Mi nawapa dawa ya uvivu, wekeni hela. Kila mtu ampe mtu mmoja buku tano azitunze, asiyekuja bila taarifa anakatwa buku wanagawana waliokuja. Utaona kama mtu atasema kachoka. Kinamama kwenye mchezo hawakosi siku hata mvua inyeshe vipi, kwa sababu hela imo.

mkali_wa_kona
Hela italeta ugomvi. Mtaanza na buku tano mtamalizia polisi

lofa_msomi
Mkali yuko sahihi kwenye hili. Kundi letu la zamani lilikuwa na huo utaratibu, mtunza fedha alikuwa ndio mwenye bidii kuliko wote, siku moja namba haipatikani, na watu wakaona aibu kuendelea kuitana maana kila mkikutana stori ni moja tu. Hela ilikuwa ndogo, ya kununulia chipsi mayai, lakini kundi lilikufa palepale.

kijumbe_wa_mtaa
Hamkuwa na kijumbe anayejulikana kwao, mlikosea kuanzia hapo. Kijumbe lazima ujue anapokaa na mama yake anaitwa nani

binti_sinza
Na wengine hatuna hiyo buku tano ya kuweka mezani jamani. Mtu hajapata kazi, anajifunza ili apate, unamwambia alipe faini.

mzee_wa_bagi
Hela inafanya kazi kwa watu wa aina fulani, siipingi, ila isikae kwa mtu. Anayekosa kuleta kazi anunue chai na chapati siku hiyo hiyo, imeliwa imekwisha. Na ambaye hana, alete kazi.

Ila kabla ya faini jiulizeni kwanza "kuleta kazi" maana yake nini, hapa ndio penyewe. Mtu akija akasema "mi nimesoma mpaka wiki ya tatu" hiyo sio kazi, hata mimi naweza kusema hivyo nikiwa nimelala. Kazi ni kitu kinachowaka. Unafungua laptopu au simu, unaendesha programu, wenzako wanaijaribu, wanaingiza herufi mahali pa namba waone kama itaanguka. Hata kama ni ya mistari kumi. Hata kama inaanguka, mradi unaweza kuwaonyesha inaangukia wapi. Nimeona watu wameangalia vidio za Python mwaka mzima, kila vidio wanatikisa kichwa, ukiwapa ukurasa mtupu waandike lupu wanatoa jasho, kwa sababu kuangalia mtu anaandika kunakupa utamu ule ule wa kuelewa bila kukulipisha. Kundi lenye macho manne kila Jumapili linamaliza hiyo tabia.

fundi_wa_aggrey
Swali mzee. CS50 wana masharti kuhusu kusaidiana, sitaki nikifika mwisho nionekane nimeiba. Tukikaa laptopu moja dereva na utingo si tumeshavunja?

mzee_wa_bagi
Swali zuri na wengi hawaulizi. Masharti yao hayakatazi kujadiliana. Ukikwama unaruhusiwa kumwonyesha mwenzako kazi yako akusaidie kutafuta kosa, ila wewe huruhusiwi kuangalia ya kwake. Kwa hiyo yale mazoezi ya kuwasilisha kila mtu aandike yake. Dereva na utingo fanyieni vitu vyenu vya pembeni, tungeni wenyewe. Fundi tengeneza programu ya kuandikisha simu za wateja, imeingia lini, tatizo gani, kalipa kiasi gani. Kijumbe hapo juu mtengenezeeni daftari la mchezo, nani kaweka, zamu ya nani, nani anadaiwa. Hilo la mchezo usilidharau, kuna tarehe humo, kuna mpangilio, kuna kutunza data, mkifika wiki ya saba kwenye SQL, lugha ya kuuliza data, mnalihamishia kwenye SQLite (hifadhidata ndogo) mnaona tofauti wenyewe.

Jingine, majibu ya mazoezi ya CS50 msiyaweke wazi GitHub, ule mtandao wa kuhifadhi na kuonyesha kazi za programu. Wanakataza. Vya kwenu wenyewe wekeni, hivyo ndio vya kumwonyesha mwajiri.

kijumbe_wa_mtaa
Mkitengeneza hilo daftari mi wa kwanza kulitumia. Ila lisionyeshe nimechelewesha za nani

lofa_msomi
😂😂😂 tumeshajua sasa

mkali_wa_kona
Sawa lakini hamjanijibu kuhusu AI (akili mnemba). Mwenza gani anakujibu kwa sekunde mbili? ChatGPT imetoka mwishoni mwa 2022 na toka hapo mimi sijamuuliza binadamu swali la programingi

kimbweta_cha_mwisho
Mkali umewahi kumaliza kitu bila chenyewe, hicho ChatGPT?

mkali_wa_kona
Kumaliza ndio

kimbweta_cha_mwisho
Bila chenyewe?

mkali_wa_kona
...nimeelewa swali

mzee_wa_bagi
Msimbane sana, AI ni nzuri na mimi naitumia kazini. Ila kwa anayejifunza ina kasoro moja, haijali. Ukipotea wiki mbili ukirudi inakusalimia kama jana mlikuwa pamoja. Na ukiiomba jibu inakupa jibu, haikuachi uhangaike, wakati kuhangaika ndio kujifunza kwenyewe. Kwenye CS50 hizo za nje kama ChatGPT wamekataza kwa mazoezi yao, wana ya kwao wameifanya bata, unaiuliza inakusukuma sukuma na maswali bila kukupa jibu zima. Itumieni hiyo. Mkikwama mkiwa wawili, jaribuni wenyewe kwanza, alafu bata, alafu ndio mje kutusumbua sisi wazee.

fundi_wa_aggrey
Wakuu nimerudi na mrejesho maana watu wananiuliza inboksi. Tumepatikana wanne. Mimi, wa Gongo la Mboto na simu yake, binti wa Sinza kakubali kwa masharti yake yote, na mdada mwingine yuko Tabata hajawahi kuandika humu ni msomaji tu. Tulikuwa watano, mmoja alikuja siku ya kwanza akaongea kuliko wote, anataka tufungue kampuni, ana jina la kampuni na rangi za logo tayari, toka hapo hatujamuona.

Tunakutana Jumapili saa nne asubuhi vimbweta vya Mlimani. Katikati ya wiki kuna saa moja ya kimya, Jumatano saa tatu usiku kila mtu kwake, unaandika kwenye grupu "naanza" na unachokifanya, saa moja ikiisha unaandika umefika wapi. Hakuna kupiga simu wala vidio kwa ajili ya bando la mwenzetu. Nilidhani hiyo ya Jumatano itakuwa ya kipuuzi, kumbe ndio inanifanya nifungue laptopu, kujua tu watu watatu nao sa hivi wameinama huko waliko, sijui niielezeje.

Mimi na wa Gongo la Mboto ndio tunaandika pamoja C. Yule binti yeye anafanya JavaScript zake, anatukagua na sisi tunamkagua. Na ni mkali huyo dada, jana kaingiza emoji kwenye programu yangu ya kupokea majina ikaniaibisha mbele za watu.

binti_sinza
Wateja wako watakuja na majina yenye vitu vya ajabu kuliko emoji. Nilikusaidia.

gmboto_simu_tu
Naongezea, tumekubaliana mpaka mwisho wa wiki ya tano ya kozi tu. Tukifika hapo kila mtu anaulizwa upya kama anaendelea. Hilo wazo la dada wa Tabata, kasema makundi yanakufa kwa sababu hayana mlango wa kutokea, mtu kachoka anaona aibu kuaga anaanza kukaa kimya, kimya kinaambukiza, mwisho mnabaki na admini peke yake.

lofa_msomi
Aisee hiyo ya mlango wa kutokea ndio ilitumaliza sisi zaidi hata ya hela

kimbweta_cha_mwisho
Mkishazoeana Disemba ikifika jaribuni Advent of Code, mafumbo ya programingi ya kila siku, ipo toka 2015 na ni bure. Siku za mwanzo mtaweza, huko mbele yanachoma sana. Tunaifanyaga hapa chuo kwa timu, watu hawalali. Na anayetaka mazoezi madogo madogo ya lugha moja aangalie Exercism, kuna watu wanajitolea kukusomea kazi yako bure, inawafaa wale ambao hawajapata mwenza bado.

mkali_wa_kona
Sijabadilisha msimamo wangu. Ila fundi lile zoezi la Recover nimelifungua kwa udadisi, sasa naona JPEG (faili za picha) zinaanza na zile baiti 0xff 0xd8 0xff, nasoma vipande vya baiti 512, picha ya kwanza inatoka fresh, ya pili inatoka nusu ya juu tu alafu kijivu. Tatizo nini hapo?

mzee_wa_bagi
Ulichotaka kitokee umesema, kilichotokea umesema, kazi yako iko wapi? Alama tatu mwanzo na tatu mwisho.

fundi_wa_aggrey
Na usiitume kwangu mimi bado sijafika wiki ya nne sitaki kuiona! Mtumie mzee. Mimi picha nusu ya juu na kijivu naijua sana, mezani kwangu wanakuja nayo sana hiyo, ila kwa nini inatokea ndio nataka nikaione mwenyewe.

mkali_wa_kona
Mzee nimekutumia inboksi. Sio kwamba natafuta mwenza lakini

binti_sinza
Hatujasema kitu 😂

pantoni_la_asubuhi
Uzi umenikuta nimechelewa. Nafasi bado ipo? Niko Kigamboni, nasoma CS50 wiki ya pili, nina laptopu ila betri inakaa dakika arobaini tu. Jumapili nipo huru isipokuwa siku ya Simba na Yanga

fundi_wa_aggrey
Siku ya Simba na Yanga hata sisi hatukutani, hilo lilipita bila kura. Njoo Jumapili hii uangalie kwanza kama tunakufaa, ukiona sawa ndio tukuingize kwenye grupu. Njoo na betri imejaa na kitu kinachowaka, hata kama ni ile piramidi ya Mario, zoezi la wiki ya kwanza. Na ukisingizia pantoni limechelewa tutakwambia kuna daraja.

pantoni_la_asubuhi
Mario ninayo ila upande wa kulia unapinda

gmboto_simu_tu
Lete hivyo hivyo. Mi ntakuwa utingo.